Imani ni mali kauli: Nilichojifunza kwa watoto wa Kicukiro

Na Mwandishi Wetu, Kigali

KILA mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Rusumo anajua maana ya mali kauli. Unapewa magunia ya mchele asubuhi bila kutoa hata senti, bila hati na bila shahidi. Kinachobaki mkononi mwa mwenye mali ni neno lako tu. Ukirudi siku uliyosema, safari nyingine utapewa zaidi. Usiporudi, jina lako linakufa pale pale, na habari zako zitakutangulia hadi Benako na Kahama.

Mimi ni mtu wa Ngara, na jambo hilo nimelijua tangu utoto kuwa ni la sokoni. Kuwa ni la kanisani pia nilifundishwa mwaka 2023, na walionifundisha hawakuwa mapadri wala wachungaji. Walikuwa ni watoto waliotoka mitaani, katika kituo kimoja cha kanisa kilichopo Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali, nilikokwenda kujitolea kwa wiki 6 wakati wa likizo ya shule.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaifahamu Kicukiro kuliko ninavyoifahamu mimi. Ni moja ya wilaya 3 za Jiji la Kigali, pamoja na Gasabo na Nyarugenge. Ndiko uliko uwanja wa ndege wa Kanombe. Ndiko yaliko maghala ya MAGERWA pale Gikondo, ambayo wafanyabiashara wa zamani wameyalilia sana, na ndiko ilikojengwa bandari kavu ya Masaka iliyofunguliwa mwaka 2019. Na kwa wale waliorejea kutoka Tanzania, ukikaa kituo cha mabasi cha Nyanza hutachelewa kusikia Kiswahili cha Karagwe, cha Ngara au cha Kigoma.

Nilivuka Rusumo Jumamosi ya tarehe 8 Julai. Gari likahama kutoka mkono wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, saa nikairudisha nyuma kwa saa moja, na baada ya kama kilomita 160 nikawa Kigali. Nilikuwa nimebeba kalamu, madaftari na nyimbo za watoto. Wengi wetu tunaokwenda misheni huenda hivyo, tukiamini kwamba sisi ndio tunaopeleka imani na wenyeji ndio wanaoipokea.

Kituo chenyewe

Kituo hicho si kikubwa. Kina madarasa mawili, jiko, bomba la maji, uwanja wa vumbi jekundu na chumba kidogo cha sala. Watoto wanaokuja pale ni wavulana wa miaka 8 hadi 15. Mitaani wanaitwa mayibobo, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Wengine walikuwa wakibeba mizigo ya abiria Nyabugogo, wengine wakiokota vyuma chakavu, na baadhi walikuwa wamezoea kuvuta gundi ili wasisikie njaa wala baridi ya usiku.

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo. Asubuhi kusimamia kufua nguo na kunawa, kisha kusaidia kugawa uji, ambao wao huuita igikoma, halafu kufundisha hesabu na Kiswahili. Lugha hiyo ilifanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na watoto wanaiona kuwa ni lugha ya kazi na ya biashara. Mchana tulikula maharage na isombe, yaani kisamvu, na jioni tukacheza mpira na kusali. Kwa kuwa Kihangaza chetu cha Ngara na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu, sikuhitaji mkalimani. Jambo hilo lilinisaidia, maana niliyasikia hata yale ambayo wageni hawakukusudiwa kuyasikia.

Aliyekuwa nguzo ya kituo, kwa macho yangu, alikuwa mama mpishi. Mama huyu alizaliwa Karagwe katika familia iliyokimbia Rwanda mwaka 1959 na kurejea mwaka 1994. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, alicheka hadi akaweka mwiko chini, akaniambia, "Marahaba mwanangu, leo nimesikia nyumbani kwangu kwa zamani." Baadaye ndipo nilipogundua kuwa wageni wote huanza kwa kuongea na mkurugenzi, lakini watoto wote huanza kwa kuongea na mama huyu.

Somo la kwanza: 'Uzagaruka ryari?'

Swali la kwanza nililoulizwa na watoto halikuwa jina langu wala dini yangu. Mvulana mmoja wa miaka kama 11 alinitazama akaniuliza, "Uzagaruka ryari?" Maana yake, utarudi lini? Nilikuwa sijamaliza hata siku moja, naye alikuwa ameshafika kwenye kuondoka kwangu.

Mama mpishi alinieleza sababu. Watoto wale wameshaona wageni wengi, kutoka Ulaya, Marekani, hata Kenya na Tanzania. Wanakuja na magitaa na pipi, wanapiga picha, wanalia siku ya kuaga, wanaahidi. Halafu hawaonekani tena. Mtoto ambaye baba aliondoka akasema atarudi, kisha mama akaondoka akasema atarudi, anaposikia neno hilo kutoka kwa mgeni wa tatu anajua la kulifanyia.

Ndugu msomaji, katika Kinyarwanda neno ejo lina maana mbili. Ni jana, na ni kesho. Anayesikiliza ndiye anayepambanua kutokana na sentensi nzima. Mvulana yule alinisimulia kwamba mgeni mmoja aliyepita kabla yangu aliwaahidi mpira wa ngozi, akasema ataleta ejo. Mwenzake akadakia kwa kejeli, "Labda alimaanisha jana." Wote wakacheka, nami nikacheka nao, lakini kicheko hicho hakikunikaa vizuri tumboni.

Hata hivyo kilichonigusa zaidi kilikuja jioni ile ile. Katika chumba cha sala kila mtoto huruhusiwa kutaja mtu mmoja wa kuombewa. Wengi walitaja bibi, kaka, au rafiki aliyebaki mtaani. Ilipofika zamu ya yule wa miaka 11, alimtaja yule mgeni wa mpira. Alimwomba Mungu ampe nauli, kwa kuwa huenda amekosa nauli ndiyo maana hajarudi.

Nimehudhuria semina nyingi za kiroho, na nimesikia mahubiri ya watu wakubwa kuhusu imani. Sijawahi kusikia mahubiri kama yale ya nauli. Mtoto asiye na kitu alikuwa bado anamkopesha mtu mzima mali kauli, na deni lilipochelewa hakumwita mwizi. Alimtafutia udhuru mbele ya Mungu.

Kilima cha Nyanza

Mtu hawezi kuizungumzia ahadi Kicukiro bila kupandisha kilima cha Nyanza. Jumapili ya pili mama mpishi alinipeleka kwenye kumbukumbu iliyopo pale. Wasomaji waliorejea wanaijua historia hii, lakini vijana wetu wa ng'ambo ya mpaka wengi hawaijui, kwa hiyo nitaieleza kwa kifupi.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO Kicukiro, iliyokuwa chini ya watawa Wasalesiani wa Don Bosco. Walikwenda pale kwa sababu moja. Kulikuwa na kikosi cha askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa, na bendera ya bluu ilikuwa inapepea. Kwa watu wale bendera ilikuwa ni neno, na walilichukua neno hilo kama lilivyo. Wanamgambo wenye mapanga walizunguka nje ya uzio, lakini hawakuingia maadamu askari wapo.

Tarehe 11 Aprili wageni wa kizungu walichukuliwa na kuondolewa, kisha askari nao wakapanda magari yao wakaondoka kuelekea uwanja wa ndege. Watu waliwasihi wasiwaache. Baada ya hapo wauaji waliingia. Waliosalia waliswagwa kwa miguu hadi Nyanza, na huko wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo. Siku 10 baadaye, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama likaamua kupunguza askari wake nchini Rwanda hadi kubaki 270. Kila mwaka tarehe 11 Aprili watu hukusanyika Nyanza kuwakumbuka waliouawa.

Wanyarwanda wana methali ya kale isemayo, "Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda." Yaani Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Baada ya 1994 wengi waliuliza Mungu alilala wapi usiku ule. Mimi si mtu wa kulijibu swali hilo, na ningemshauri kila mmisionari asiharakishe kulijibu. Nilisimama pale na mama mpishi, yeye akisali kimya, nami nikajifunza kwamba kuna mahali ambapo imani ni kusimama na mwenzako bila kufungua kinywa.

Somo la pili: Waliobaki

Hata hivyo haikuwa kila mtu aliyeondoka. Wakati Wamarekani wanahamishwa kutoka Kigali, mmisionari mmoja wa Kisabato, Carl Wilkens, aliyekuwa mkuu wa shirika la ADRA nchini, aliwaaga mkewe na watoto wake, yeye akabaki. Alizunguka mjini akipeleka maji na chakula kwa vituo vya yatima. Mojawapo kilikuwa kile cha Nyamirambo kilichoongozwa na Mnyarwanda Damas Gisimba, ambako kama watu 400, wengi wao watoto, walikuwa wamejificha. Kituo kilipozungukwa na wanamgambo, Wilkens alimkabili waziri mkuu wa serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji na kumwomba azuie. Watoto wakapona, kisha wakahamishiwa kanisa la Mtakatifu Mikaeli.

Angalieni jambo moja. Wilkens anatajwa sana kwa sababu alikuwa mgeni aliyebaki. Lakini Gisimba hakuwa na ndege ya kumchukua, na alikuwa ameshawafungulia watu mlango kabla Wilkens hajafika. Gisimba alifariki dunia Juni 2023, mwezi mmoja kabla ya safari yangu.

Wako pia Cyprien na Daphrose Rugamba. Cyprien alikuwa mshairi na mtunzi wa nyimbo anayejulikana Rwanda nzima. Kwa miaka mingi alikuwa ameiacha imani, na mkewe alimwombea bila kuchoka hadi aliporejea mwaka 1982. Mwaka 1990 wawili hao walianzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda. Emmanuel maana yake ni Mungu pamoja nasi, na wao walilichukua jina hilo kama kazi ya mikono. Walianza kuwalisha watoto wa mitaani wa Kigali na kuwatafutia mahali pa kuoga, kulala na kusoma. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao 6. Kituo cha watoto walichokianzisha hakikufa nao. Kinaendelea hadi leo kwa jina la CECYDAR, yaani Kituo cha Cyprien na Daphrose Rugamba, na mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianza rasmi mchakato wa kuwatangaza kuwa wenye heri.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mmisionari ni mtu anayetoka mbali. Kwa Rugamba na Gisimba nimejifunza kuwa umbali si hoja. Mtu anaweza kuvuka bahari 2 asifike kwa mtoto, na mwingine akavuka barabara moja tu akafika.

Somo la tatu: Kituo si nyumbani

Wiki ya nne nilifuatana na dada wa ustawi wa jamii kwenda Bugesera kumrudisha mvulana mmoja kwa bibi yake. Tulipanda basi Nyanza, tukapita Gahanga, tukavuka daraja la mto Nyabarongo na kuelekea Nyamata. Mvulana alikuwa amevaa shati jipya, akimwangalia kila abiria kana kwamba anamwaga.

Hapa inafaa kueleza sera ya nchi. Mwaka 2012 serikali ya Rwanda iliamua kupunguza na hatimaye kufunga vituo vya yatima, ambavyo wakati huo vilikuwa na zaidi ya watoto 3,000, ili watoto walelewe katika familia. Asiye na ndugu anatafutiwa familia ya kumlea. Wazazi hao walezi wanaitwa ba Malayika Murinzi. Sisi Waswahili hatuhitaji kutafsiriwa, maana ni malaika walinzi hasa. Hata hivyo malaika hawa hawana mabawa. Ni wakulima, wauza nyanya, walimu na wajane, waliokubali sufuria yao iongezwe maji.

Bibi alitupokea mlangoni. Hakuuliza tumeleta nini. Alimshika mjukuu kichwa, akamgeuza nyuma na mbele kama mtu anayekagua nguo iliyorudi kutoka kwa fundi, halafu akamuuliza dada wa ustawi, "Wiki ijayo atakuja nani?" Dada akajibu, "Mimi." Akatoa daftari, akaandika tarehe, bibi akaweka dole gumba. Wiki iliyofuata dada alikwenda, na nyingine, na nyingine. Aliniambia kuwa kumtoa mtoto mtaani ni kazi ya siku chache, lakini kumfanya asirudi mtaani ni kazi ya miaka. Wafadhili hupenda kulipia ile ya kwanza, kwa kuwa ina picha nzuri.

Maneno hayo yaligeuza kichwani mwangu hesabu yote ya kujitolea. Mgeni wa wiki 6 hawezi kuwa baba wa mtoto wa mtaani, na asijaribu. Akijifanya hivyo, anampa mtoto mtu mmoja zaidi wa kumpoteza. Kazi yake ni kumpunguzia mzigo yule anayebaki. Mimi nikiosha masufuria, mama mpishi anapata nusu saa ya kukaa na mtoto mwenye homa. Mimi nikifundisha hesabu, dada wa ustawi anapata siku ya kwenda Bugesera. Kazi hiyo haina picha nzuri, lakini nimeona ndiyo iliyo sawa.

Siku ya kuaga

Niliondoka Jumamosi ya tarehe 19 Agosti. Tangu wiki ya kwanza tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki, kwa ushauri wa mama mpishi, ili kila mtoto aione ikikaribia. Mvulana wa nauli aliniuliza tena swali lake. Nilitamani sana kusema Desemba. Ningependa kuona uso wake unavyokuwa. Lakini sikuwa na nauli ya Desemba, wala ruhusa ya kazi, na yeye alikuwa ameshalipa vya kutosha kwa maneno ya watu. Nikamwambia, "Sijui kama nitarudi. Nikipata njia nitakuja, lakini usinisubiri."

Alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Sawa. Basi hatukuombei nauli. Tutakuombea afya."

Tangu hapo nimerudi mara 2, na mara zote sikuwa nimeahidi. Mara ya mwisho sikumkuta. Anaishi kwa shangazi yake na yuko shuleni. Nilifurahi kuliko kama ningemkuta, na mama mpishi alinipa mwiko nikoroge uji.

Kwetu sisi tunaovuka mpaka

Nimeandika haya kwa ajili ya wasomaji wawili ninaowajua. Wa kwanza ni mfanyabiashara. Wewe unawaona watoto hawa mara nyingi kuliko mapadri, maana ndio wanaokimbilia mzigo wako unaposhuka kwenye basi. Mtoto anapokubebea, mlipe mlichokubaliana, na umlipe hapo hapo. Usimwambie utamlipa safari ijayo, wala usimwambie utamletea viatu kutoka Kahama kama huna hakika. Na kama una cha kutoa, uliza kituo kinachohudumia watoto eneo hilo ukiache huko, penye mtu atakayekuwapo kesho na keshokutwa.

Wa pili ni wewe uliyerejea, iwe mwaka 1994 au 2013 ulipotoka Kagera. Unajua ladha ya kuishi kwa hisani ya jirani, na unajua mtoto anavyohisi akiitwa mgeni mahali alipozaliwa. Kama nyumba yako ina nafasi ya mkeka mmoja, waone viongozi wa umudugudu wako wakueleze utaratibu wa kuwa Malayika Murinzi. Si lazima uwe tajiri, lakini usianze kama una mpango wa kuhama baada ya miezi michache.

Nasi tunaotumwa na makanisa yetu kwenda misheni, tujiulize kabla ya kufunga begi. Nani atabaki na watoto wale siku nikiondoka? Anahitaji nini ili aendelee kubaki? Tukipata jibu la maswali hayo mawili, twende. Tusipolipata, nauli yetu itumwe kwa mama mpishi.